Kwa nini dawa ya sauti inamtetemesha mikono (jibu refu kwa wanaokuja dirishani)

Siku hizi dopamini imekuwa neno la kijiweni. Dogo wa bodaboda pale Mwanga, hapa Kigoma, atakwambia simu imemmalizia dopamini, mwenzake kaona TikTok anataka aache soda na muziki wiki nzima eti dopamini ipumzike. Sina ugomvi nao. Ila mimi nafanya kazi famasi hapa Kigoma mjini, na wanaokuja dirishani na cheti cha haloperidoli au Largactil, dawa za skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona kila mtu anakuandama, hawana habari na TikTok, wana swali moja ambalo kila mtu analizungusha kwa namna yake: dawa iliyomnyamazishia mwanangu zile sauti, kwa nini hiyohiyo ndo inamkakamaza shingo, inamtoa mate, inamtetemesha mikono? Mama mmoja wa Ujiji aliniambia, "Mwanangu, bora alivyokuwa anaongea peke yake, angalau alikuwa anatembea vizuri." Nikamwambia, "Mama, usiache kumpa, rudi kwa daktari umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi." Foleni ilikuwa nyuma yake, sikuweza kusema zaidi. Maelezo kamili ni haya.

Dopamini watu wanaijua kama kemikali ya raha. Kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo "angalia hapa, hili linakuhusu". Ukienda Kibirizi alfajiri kuna jamaa macho yao yako ziwani tu, mtumbwi wa dagaa ukitokea mmoja anapaza sauti na wachuuzi wote wanageuka na ndoo zao. Sasa chukulia huyo mpaza sauti anaita kila dakika na ziwa ni jeupe, hakuna hata mtumbwi. Utageuka, utageuka tena, mwisho utaanza kutafuta sababu, labda kuna boti inajificha, labda wamekubaliana kutuficha mzigo. Skizofrenia inavyoanza inafanana sana na hivyo. Dopamini inamwagwa kupita kiasi kwenye eneo la ndani ya ubongo linaloitwa striatamu, na hilo limepimwa kwa wagonjwa walio hai kwa picha za PET, zile zinazoonyesha kemikali zinavyofanya kazi ndani ya ubongo, matokeo yake vitu vya kawaida vinapata uzito wa ajabu: jirani kakohoa, redio imetaja Kasulu, mbuzi kapita mlangoni mara mbili. Na binadamu hawezi kukaa na jambo zito bila maelezo, kwahiyo ubongo unatunga.

Unatunga kwa vitu ulivyokulia navyo. Wa kwetu atasema jini, au shangazi kamroga kwa ajili ya shamba la michikichi, wa Marekani atasema serikali imemwekea kifaa kwenye jino. Kuna mwanaanthropolojia anaitwa Tanya Luhrmann, yeye na wenzake walihoji watu wanaosikia sauti wa Accra, Chennai na California, wakakuta Wamarekani wengi sauti zao ni za matusi na vita, wakati Accra wengi walisema ni Mungu anaongea nao na Chennai mara nyingi ni ndugu wa familia, wanawaagiza kazi za nyumbani na kuwafokea. Ugonjwa mmoja huo. Ndo maana mimi mtu akiniambia "huyu sio ugonjwa wa hospitali maana anataja majini" huwa simwelewi, ulitaka ataje nini, mtoto wa Ujiji?

Halafu wale wanaosema anajifanya. Mgonjwa akiwekwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa kazini, wakati anasikia sauti yale maeneo ya lugha yanawaka kweli, mpaka lile la kutengeneza maneno ambalo mimi na wewe tunalitumia tukijisemea moyoni. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ubongo unatoa maneno yake wenyewe halafu unashindwa kuyatambua kuwa ni yake. Kwahiyo anasikia. Hadanganyi.

Sasa dawa. Haloperidoli, Largactil, ile sindano ya mwezi ya Modecate, zote zinafanya jambo moja kubwa: zinaziba vipokezi vya dopamini, yaani vile vimilango kwenye seli vinavyoipokea, aina ya D2. Shida ni kwamba dopamini haiishi chumba kimoja. Ina njia kadhaa. Njia moja ndo hiyo ya "angalia hapa". Nyingine inaendesha misuli, mtu aanze kutembea, ageuke, ameze mate bila kufikiria. Nyingine inashuka mpaka tezi iliyo chini ya ubongo na kuizuia isitoe prolaktini, homoni ya maziwa, ovyo, sasa ukiiziba hiyo unakuta dada hajajifungua na maziwa yanatoka, au hedhi imekata miezi, na kwao wanaanza kumwangalia vibaya wanadhani ana mimba. Kidonge hakijui njia. Kikiingia kinaziba kote.

Na hapa kuna namba ambayo natamani kila anayempa ndugu yake hizi dawa aijue. Utafiti wa PET ulionyesha dawa inaanza kusaidia vizuri vipokezi vikizibwa kama asilimia 65 hivi, na mkakamao unaanza kuonekana ikifika karibu 78 mpaka 80. Kanafasi kadogo hako, lakini kapo. Maana yake kuongeza dozi kupita hapo mara nyingi hakuongezi nafuu, kunaongeza mate na kutetemeka. Kwahiyo yule mama ana haki ya kurudi kliniki na kusema "mwanangu anakakamaa", daktari anaweza kupunguza, kubadilisha dawa, au kumwongezea benzeksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Anachotakiwa asifanye ni kuacha ghafla nyumbani, manake sauti zikirudi mara nyingi zinarudi kwa kishindo.

Jinsi hii siri ilivyogunduliwa ni tamu, na imekaa kinyumenyume, dawa zilikuja kwanza sababu zikafuata. Klopromazini, ndo hiyo Largactil, ilitengenezwa Ufaransa mwisho wa 1950, daktari wa upasuaji Henri Laborit akaona wagonjwa wake wakipewa wanatulia ajabu bila kulala, akawashawishi wa magonjwa ya akili, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia Paris kwenye hospitali ya Sainte-Anne. Hakuna aliyejua inafanyaje. Upande mwingine kulikuwa na reseripini, inayotoka kwenye mti wa Rauvolfia wa India, waganga wa kule waliutumia tangu zamani, na Nigeria pia waganga wanatumia Rauvolfia ya kwao kutibu wazimu (hata msesewe ambao Wachaga wanaweka kwenye mbege ni wa ukoo huohuo, ukibisha kamuulize mtu wa Kibosho). Mswidi Arvid Carlsson akawapa sungura reseripini, sungura wakaganda, hawanyanyui hata sikio. Akawapa L-dopa, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa dopamini, wakainuka na kuanza kukimbia. Hiyo ilikuwa 1957, na Nobel akaja kupewa 2000. Kwahiyo ule mkakamao wa kijana wa Ujiji na wale sungura ni habari moja, na ndo hiyohiyo ya wazee wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, tofauti ni kwamba wao seli zenyewe za kutoa dopamini zimekufa.

Ila dopamini haimalizi hadithi. Dawa zinapunguza sauti na zile tuhuma za kurogwa, lakini ule ukimya, mtu kukaa tu, haogi, hana hamu ya rafiki wala kazi, hauondoki kirahisi. Familia zinasema "dawa zimemfanya zezeta". Mara nyingine ni kweli ni dozi. Mara nyingi ule ukimya ulikuwepo hata kabla ya sauti, ukiuliza vizuri watakwambia alianza kujitenga kidato cha tatu, shule zikashuka. Hapa wataalamu wanaangalia kemikali nyingine, glutameti. Kidokezo kilitoka kwenye ketamini, hiyohiyo ya usingizi wa upasuaji, maana inaziba kipokezi cha glutameti na mtu mwenye akili timamu anaweza kuamka anaona vitu, anaongea visivyoeleweka na kujihisi yuko nje ya mwili. Ukiwa na ndugu aliyewahi kufanyiwa oparesheni kwa ketamini unajua vituko vyake.

Umri nao una sababu. Ugonjwa unapenda kuanza mwisho wa ujana mpaka miaka ya ishirini na kitu, kipindi ambacho ubongo unapunguza miunganiko ya seli isiyotumika. Mwaka 2016 watafiti walikuta jini, samahani, jeni (leo majini yameniandama) linaloitwa C4, aina zake zinazofanya kazi kwa nguvu zinaongeza hatari, na inaelekea zinahusika na kupogoa hiyo miunganiko kupita kiasi. Ongeza bangi kali kwa kijana wa umri huo na hatari inapanda.

Na tafadhali, "malaria imepanda kichwani". Malaria kali inachanganya akili kweli, kwahiyo mtu akianza ghafla na homa, kipimo kwanza, haraka. Lakini malaria haikai mwaka. Kwa vigezo vya WHO skizofrenia inatambuliwa dalili zikidumu mwezi au zaidi, vya Marekani ni miezi 6, na mimi nimeshaona kijana ananunuliwa dozi ya malaria kila sauti zikirudi.

Swali la ukoo, hilo linaletwa na wanaotaka kuoa. Katika watu wote skizofrenia inampata kama mmoja kati ya 100 maishani. Mzazi mmoja akiwa nayo, mtoto hatari yake ni kama 10 kwa 100, yaani 90 hawapati. Pacha wa kufanana akiwa nayo, mwenzake anafika karibu nusu, sio wote, kwahiyo damu peke yake haitoshi. Na hakuna jeni moja, utafiti mkubwa wa 2022 ulitaja maeneo 287 kwenye vinasaba, kila moja linachangia kidogo sana. Mengi yanashirikiana na ugonjwa wa baipola, ule wa mtu kupanda juu wiki mbili bila kulala, anagawa hela na kutangaza ubunge, halafu anaanguka kwenye sonona mpaka hawezi kutoka kitandani. Huko Sweden mwaka 2009 walifuatilia familia zaidi ya milioni 2 wakakuta magonjwa haya mawili yanatembea pamoja ndani ya ukoo mmoja.

Baipola na usingizi ni kitu na ndugu yake, usiku kadhaa bila kulala unaweza kumrusha mtu juu. Watu wa kwetu wanasema mwezi mpevu unaamsha wazimu. Mimi kwa mvuvi mwenye baipola ningeogopa giza zaidi, maana mbalamwezi ndo mitumbwi inapumzika, giza ndo wanakesha na taa wakivua dagaa. Dawa yake ya zamani ni lithiamu, chumvi tu, John Cade wa Australia aliiripoti 1949 baada ya kuona simbilisi wake wamepoa, ila inataka kupima damu mara kwa mara maana dozi ya kutibu na ya sumu zimekaribiana, na kwa mtu anayetoka jasho kutwa juani hiyo ni hatari zaidi. Vyeti vya baipola ninavyoviona vingi ni vya dawa nyingine, kabamazepini.

Sonona yenyewe nitaiandikia siku nyingine, ila ile kusema "serotonini imepungua", yaani kemikali nyingine ya ubongo, ishaanza kuchakaa. Vidonge vya sonona vinaongeza serotonini ndani ya saa chache na mtu anapata nafuu baada ya wiki, sasa hizo wiki ubongo unafanya nini? Wengi wanaamini unajenga upya miunganiko ambayo msongo wa muda mrefu uliibomoa. Na ajabu ketamini imerudi kwa mlango huo, inainua sonona ndani ya saa, ndugu yake esketamini ilipitishwa Marekani 2019.

Kuna aliyeniuliza kama ipo dawa ya skizofrenia isiyogusa D2 kabisa. Ipo, inaitwa Cobenfy, Marekani waliipitisha Septemba 2024, inapita kwenye vipokezi vya aina nyingine kabisa, vinaitwa muskarini, kwahiyo huo mkakamao wa haloperidoli sio shida yake, tumbo ndo linalalamika. Bei iliyotangazwa kule ilikuwa karibu dola 1,850 kwa mwezi. Ukikutana na mtu Mwanga anakuuzia ya elfu kumi, huo ni unga wa muhogo.