Ama baada ya salamu

Mwaka 2014 Lamu tulikua na kafyu. Ilikua baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji ulioko bara ya Lamu, na waliokuepo wanakumbuka vile ilivyokua, ikifika magharibi watu wote ndani, usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, kimya, hata wavuvi wa usiku hawaruhusiwi kutoka. Mimi nilikua na miaka ishirini na nne, baba alikua ashatutoka tangu Novemba ya mwaka wa nyuma, na siku ya hitima yake nilikua nimejiapia moyoni kwamba nitaandika maisha yake yote tangu utotoni mpaka mwisho. Kabla ya kafyu nilikua nasema sina muda. Sasa muda nikapewa wote, kila usiku, na sikuandika kitu.

Kujaribu nilijaribu. Mchana nilikua naenda maktaba ya pale ngomeni, nakaa, nafungua daftari, naandika "Lamu ni mji mkongwe ulioko kaskazini mwa pwani ya Kenya, na mwaka 2001 UNESCO waliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia." Nasoma, nachana. Kesho yake naanza "Nilirauka alfajiri na mapema, majogoo yakiwika," nachana tena, manake hivo ndivo tulivyofundishwa kuanza insha skuli, lazima majogoo, lazima jua lichomoze matlai, na methali moja juu kabisa ili upate maksi. Mimi siwalaumu walimu wetu ila naamini kabisa walitufunga mikono, kwa sababu kila nikianza vile baba hayumo, kuna jogoo na kuna UNESCO lakini mtu mwenyewe hayumo. Wiki tatu hivo. Daftari la kurasa tisini na sita likabaki jembamba.

Usiku mmoja stima ikapotea. Ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, tulikua tunakaa nae nyumba moja Langoni, akawasha kandili akaiweka baina yetu, akanitazama vile nilivyoinamia ile karatasi kalamu mkononi haiendi. Akauliza, "Unaandika nini weye kila siku na huishi?" Nikamwambia, Ami, nataka kumuandika baba lakini sipati pa kuanzia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hiyo barua yenda kwa nani?" Nikamwambia si barua. Akasema, "Basi ndio maana."

Inabidi niwaeleze kidogo kuhusu Ami. Zamani kabla ya simu yeye ndie alikua mwandishi wa barua mtaani. Wake za mabaharia, kina mama wenye watoto Mombasa, wenye waume Arabuni, wote walikua wanakuja pale dakani kwake, barazani pa mlango, na bahasha zao, na alikua anaandika kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu, kutegemea anaeipokea amesomea wapi. Usiku ule akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisikia. Akasema mwanamke alikua anakuja, anaketi, ukimuuliza nimwambie nini mumeo, hana neno, anashika ncha ya buibui anaizungusha kidoleni. "Mimi simngoji. Naandika salamu." Yaani anaanza, kwa mpenzi mume wangu fulani bin fulani, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo wa afya, hofu na mashaka ni juu yako ulie mbali na upeo wa macho yetu, mama akusalimu, fulani akusalimu, jirani fulani akusalimu, mbuzi kazaa. Anaandika huku anamsomea kwa sauti. Na akifika kwa yule jirani wa tatu, yule mama ashaanza kusema mwenyewe, na mwisho anasema mbio mpaka mkono wa Ami haumfikii.

Halafu akamtaja Mwana Kupona. Sote tumekua tukimsikia, yule mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, alietunga utendi mwaka 1858 kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Ami akasema watu wanahifadhi wosia lakini mwanzo wanaupita tu. Mle mwanzoni yeye ni mgonjwa, mwaka mzima maradhi yamemshika hajapata kumwambia mwanawe neno jema, na anachofanya ni kumwita asogee karibu na wino na karatasi. Ndio mlango wake wa kuingilia, mama anamwita mwanawe. "Sasa weye wamwita nani?"

Nilikua na dada yangu mmoja Jeddah, ameolewa huko, hakuwahi maziko. Kila akipiga simu alikua anauliza siku za mwisho zilikuaje na mimi namwambia alhamdulillah alikua vizuri, basi. Nikageuza ukurasa. Kwa mpenzi dada yangu, ama baada ya salamu. Nikaandika sisi huku hatujambo, Ami akusalimu, kafyu ingalipo, stima imepotea, na mkono haukusimama tena.

Nikamuandikia kwamba baba wiki ya mwisho alikua anaamka saa tisa ya usiku anakaa kitandani ameinua uso kuelekea dirishani, ananiambia "Hupuliki? Pepo zishageuka." Na kweli, ndio ilikua kusi imekwisha na kaskazi inaanza kuingia, na yule mtu alikua hawezi kunyanyua kikombe lakini upepo anaujua kwa mashavu. Nikaandika vile serikali ilipopiga marufuku boriti za mikoko kupelekwa nje mwaka 1982, safari zake za baharini za Arabuni zikaisha, akabaki kubeba boriti za Mombasa tu, na hakuwahi kulalamika mbele yetu. Nikaandika viganja vyake, kamba za tanga zilivyovikausha mpaka akawa anageuza mkate wa kumimina chomboni kwa mkono mtupu, na sisi watoto tunamwambia baba fanya tena. Na niliandika "hupuliki" vile vile alivyosema, sikuigeuza "husikii". Nafikiri hapo ndipo nilipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Adhana ya alfajiri ikanikuta ukurasa wa kumi na moja. Ami alikua kalala pale pale kwenye mkeka, kandili imekwisha mafuta.

Nikazipiga picha zile kurasa nikamtumia dada kwa WhatsApp. Akapiga jioni. Kwanza alilia, nikamuacha alie. Halafu akasema, "Ile kanzu uliosema alikua akiivaa kitandani, ya rangi ya maziwa, mimi ndie nilieileta, nilishona kifungo cha juu mwenyewe manake kilikua kimeng'oka ndegeni. Hukukiandika kile kifungo."

Sikua nakijua. Nikamuuliza kilikua cha rangi gani, akanambia cheusi, vingine vyote vyeupe. Nikamwambia ngoja usikate, nikaenda kuchukua daftari.