Betri za kuchaji na ditekta ya mjomba kule Chunya

Kipindi hicho nlikua natengeneza simu na redio pale Mwanjelwa, Mbeya, mjomba wangu yeye alishahamia Chunya kitambo, yuko porini huko mbele ya Makongolosi kwenye leseni ya uchimbaji ya mzee mmoja, wamechanga na wenzie wakapata ditekta ya mtumba, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, Garrett AT Gold. Ile inakula betri 4 za AA, zile za rimoti. Kila akinipigia simu salamu fupi, halafu betri. Yani betri za bei chee za dukani ukiweka kwenye redio unasahau lini uliweka, ila ditekta inatuma mawimbi chini muda wote kupitia koili, ile sahani ya chini unayopitisha juu ya ardhi, inavuta moto balaa, jioni haijafika imezima na duka liko mbali.

Nikamwambia mjomba nakuja na za kuchaji, akacheka sana, "Mjomba hizo za watoto wa mjini, hazina nguvu."

Nikabeba seti mbili za NiMH, ndo hizo za kuchaji, za 2000 mAh, yani kiasi cha chaji zinachobeba, zile zinazotunza chaji, maana za zamani unazijaza leo ukija kuzitaka mwezi ujao chaji imeshapungua sana yenyewe kabatini. Na chaja ya USB, na multimita yangu ya kupimia volti, hiyo siiachagi. Gari likapanda Loleza tunatetemeka, kushuka upande wa pili kila mtu anavua koti, ndo Chunya hiyo.

Asubuhi tukaweka betri, skrini inaonyesha full, mjomba kanuna tu. Kabla hata ya chai kijiti kimoja cha chaji kwenye skrini kikapotea. Wee! "Si nlikwambia? Zimekufa hizo." Sasa nikamweleza pale pale juani, betri ya kawaida ikiwa mpya ni volti 1.5 halafu inashuka mdogo mdogo mpaka iishe, hii ya kuchaji ikitulia inakaa kwenye 1.2 hivi, inaganda hapo hapo karibu safari yote, ikifika mwisho ndo inaporomoka ghafla. Kile kipimo kimepangwa kwa betri za kawaida, kwahiyo kinaiona hii kama imechoka wakati bado mbichi kabisa. Hakuelewa, ila alikua hana betri nyingine, akavaa hedifoni akaendelea. Misumari, vipande vya debe, misumari tena, huku Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, watu wanachimba dhahabu toka miaka ya 1920 kwahiyo takataka za chuma zimejaa kweli. Jua linazama vijiti vilivyobaki havijatikisika na mjomba kimyaaa.

Kesho yake sasa. Mashine inawaka, ukipeleka koili chini inazima. Inawaka, inazima. Mjomba kafura, mashine imeungua, nani atalipa, hela za watu hizi. Nikafungua kifuniko, betri tatu zangu, ya nne siijui imetoka wapi! Nikapima moja moja, 1.28, 1.27, 1.28, ile ngeni 0.9. Na zimepangwa foleni, moto unapita kwa zote, moja ikiwa mgonjwa inawaangusha wenzie wote. Kumbe dogo anaetupikia usiku alichomoa moja akaweka kwenye tochi yake, akarudishia ya tochi ili pengo lisionekane. Na nyingine mfu alishaipachika kwenye chaja yangu, anasubiri ijae! Hapo nlipiga kelele kweli, betri ya kawaida haichajiwi, inavuja maji yake au inapasuka, ningekuta chaja imeharibika.

Tukamnyang'anya tochi, betri ikarudi kwa wenzie, mashine ikawaka ikatulia. Mjomba hakusema samahani, si unawajua, alisema tu "ndaga", asante ya kwetu, halafu akaniuliza kama naweza kuziandika namba kwa mkaa, hizi za kwanza hizi za pili, zisichanganywe, na anaetaka tochi akanunue zake. Mkaa ukafutika kwa jasho, tukatumia rangi ya kucha ya mama ntilie.

Mchana ule walipata kapunje kadogo kama punje ya mtama, wakagombana wee namna ya kugawana. Mi nikapanda gari la jioni kurudi Mbeya, chaja na multimita vikabaki kwa mjomba, anasema bado anavitumia kidogo.