Miaka saba niliitwa kwa jina lake

Mwanangu wa kwanza alifariki Mei 2019, siku 18 baada ya kutimiza miaka 7. Jina lake sitaliandika hapa, lakini hapa Kibokoni, Mombasa, wote walilijua, maana ndilo nililoitwa. Huku kwetu ukishazaa, jina lako mwenyewe hubaki kwa mamako na kwenye kitambulisho. Kwa muuza mahamri, harusini, kisomoni, mimi nilikuwa mama wa fulani, na huyo fulani alikuwa yeye.

Alizikwa Kikowani siku ile ile baada ya alasiri. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Nililiona jeneza likitoka mlangoni, likapinda pale uchochoro unapopinda, basi. Miezi mizima baadaye nilikuwa nikimuuliza mume wangu maswali yale yale usiku: mchanga ulikuwa mkavu ama mbichi? Nani alishuka kumpokea? Walimlaza vizuri? Alinijibu kila mara kama ndiyo kwanza namuuliza. Leo najua kila jibu lilimkata maini.

Alikuwa na selimundu, ambayo wengi wetu hapa twaiita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanzia. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, ya mgonjwa huvunjika mapema mno, ndiyo maana damu yake haitoshi na macho yake huwa ya manjano. Tuliyajua haya. Tulimpa vidonge vya foliki kila siku, alilala ndani ya chandarua, na upepo wa kusi ukianza kuvuma hatukumpeleka baharini, kwa kuwa baridi ilimwamshia viungo. Alikuwa na chupa yake ya maji ya buluu, aliambiwa anywe sana, akawa hatengani nayo hata akienda chuoni kusoma Kurani. Usiku ule homa ilipanda, damu ikashuka, na damu ya kuongezewa ilipopatikana alikuwa ameshachoka. Sitasema zaidi ya hapo.

Wiki nzima baada ya kuanua matanga niliendelea kuijaza ile chupa kila asubuhi. Mikono yangu ilikuwa bado haijaambiwa.

Lakini kilichonivunja hasa ni lile jina. Watu waliacha kuniita kwa jina lake, wakaanza kuniita kwa jina la mdogo wake, binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka 3. Walifanya kwa huruma, wasinitoneshe kidonda. Mimi nikaona wamemzika mara ya pili.

Halafu siku ya arobaini, nikiwa nje ya jiko, nikasikia wanawake wakimenya vitunguu na kunong'ona: "Maradhi yale yalitoka kwa kina mamake." Sikukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Niliamini. Mjomba wangu mmoja alikufa mdogo huku vidole vimevimba, na enzi hizo walisema ni shetani. Nikajiambia: damu ni yangu, nimemuua mwanangu kabla hajazaliwa. Na kulia sikulia, kwa sababu kila aliyeleta makiwa aliniambia subira, subira, ukilia unamtesa mtoto.

Aliyenifungua kwanza ni mamangu mdogo, ambaye hufundisha chuoni. Alikuja usiku mmoja, akafunga mlango, akakaa kitandani kwangu. "Mwanangu, Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia machozi mbele za watu. Alisema jicho linalia na moyo unahuzunika, ila hatusemi la kumchukiza Mola wetu. Sasa wewe nani kakukataza?" Nililia mpaka adhana ya alfajiri, yeye kanishika. Nikalala hadi saa nne.

Lakini lile la damu lilibaki. Liliondoka miezi mingine mitano baadaye, tulipompeleka binti yetu kupimwa. Muuguzi alisema tupimwe sote watatu. Majibu yalipotoka, alichukua kalamu akachora visanduku vinne nyuma ya kadi ya kliniki. Mimi nabeba nusu, mume wangu anabeba nusu. Mtoto haugui mpaka apewe zote mbili, na kila mimba ni bahati yake upya: mmoja katika wanne huugua, wawili hubeba tu kama sisi, mmoja hatoki na kitu. "Hakuna mama peke yake anayeleta selimundu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeisema mara nyingi.

Nilimuuliza kwa nini basi iko tele huku Pwani. Akasema ni malaria. Anayebeba nusu, malaria kali haimuui kirahisi utotoni. Karne na karne, watoto wa namna hiyo ndio waliopona homa, wakakua, wakazaa. Nilirudi nyumbani nikifikiria hilo tu. Kile nilichokiita sumu ndicho kilichomfikisha bibi yangu utu uzima. Hakikunirudishia mwanangu. Lakini niliweza kujitazama kwenye kioo bila kumwona muuaji.

Ijumaa iliyofuata tulikula kwa mamangu mkwe. Sahani za pilau zilipotolewa, mume wangu alisema mbele ya dada zake wote, "Mama, nusu ya maradhi yale ni yangu. Nimepimwa." Hakuna aliyejibu. Mamangu mkwe alitazama mkeka muda mrefu, kisha akasema polepole, "Basi ni yangu, ama ya marehemu babako." Akainuka, akaja akakaa kando yangu. "Niwie radhi, mwanangu." Kisha akaniita kwa jina la mjukuu wake.

Binti yetu anabeba nusu. Haugui, ila siku ya posa itabidi tuulize, na tutauliza bila haya. Mtoto mwingine hatujapata, na sijui kama nataka. Wanaoniambia "utapata mwingine" wana nia njema, lakini naomba waache. Sikupoteza kikombe.

Chupa ya buluu iko kabatini, pamoja na kanzu yake na kofia. Nyingine zote nilizigawa, polepole, moja moja, nikijua ni nani anaivaa.

Siku ya kliniki sasa mimi huenda kukaa benchini. Sina kazi pale. Nawashikia watoto mama zao wakiingia dirisha la dawa, nawaeleza visanduku vinne, nawaambia chupa ya maji isikose. Juma lililopita alikaa karibu nami msichana kutoka Likoni, amembeba mtoto wa miezi 9, kadi ingali mpya mkononi. Mawifi wameshaanza maneno, akaniambia. Nikaomba kalamu.

Nilipomaliza kuchora akaniuliza, "Na wako, dada, yuko wapi?"

Nikamtaja kwa jina lake. Nikamwambia yuko Kikowani, na kwamba alipenda mihogo ya pale Mama Ngina, yenye ndimu nyingi na pilipili kidogo, na kwamba alikuwa akinilazimisha nishike chupa yake ili yeye ashike mihogo kwa mikono miwili.