Hatua mbili

Binti yangu yuko mezani na daftari la Kiingereza. "Mama, 'move' ni kusogea au kuhama?" Nikamwambia ni vyote viwili, inategemea. "Na 'move in'?" Nikaacha kumenya viazi.

Leicester, Uingereza, Novemba 2006. Kulikuwa na bibi mmoja mzee, mkazi wa barabara ya Narborough Road. Kila Jumamosi nilikuwa nampelekea maziwa na mkate, maana goti lilimsumbua. Siku hiyo ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza limeshashika, nami nimesimama kizingitini, mlango wazi, baridi inapita katikati yetu kuelekea jikoni kwake. Akaniangalia kitambo. Akasema, "Why don't you move in with me, my duck?" Wazee wa huko humwita bata mtu wanayempenda, hilo nilishalizoea. Lakini "move in" niliisikia kwa sikio la Tanga: sogea ndani, baridi inaingia. Nikasogea hatua mbili. Nikafunga mlango nyuma yangu, nikasema asante.

Hakujibu. Aliziba mdomo kwa kiganja, kisha akanishika mkono, vidole vyake vya baridi vikitetemeka, asiniachie. Nilidhani ni goti.

Jumamosi iliyofuata nikakuta chumba cha juu kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, makoti ya marehemu mumewe yametolewa kabatini. Ufunguo ulikuwa juu ya mto. Usiku ule, hosteli, ndipo nilipofungua kamusi.

Sisi tuna "hama". Tukitia "i" moja inakuwa "hamia", na aliyekuwa anaondoka sasa ana pa kufikia. Kazi hiyo Waingereza wameipa "in". Na kwa ile "with me" bibi hakuwa anatafuta mpangaji. Alitaka tukae pamoja, sufuria moja. Laiti ningemwelewa, ningeomba siku tatu, ningempigia mama simu Tanga. Nadhani ningekataa.

Nilihamia. Nikakaa naye miaka miwili. Mara kadhaa nilianza kumweleza ukweli, lakini yeye ndiye aliyependa kuwasimulia majirani jinsi nilivyoingia siku ile bila hata kusita, na kila akifika hapo sauti yake ilibadilika. Nikanyamaza. Amefariki hajui, na hadi leo hilo halijatulia moyoni mwangu.

Kwenye daftari tumeandika "kuhamia". Chini yake mwalimu anataka sentensi ya mfano.