Chupa sita na sufuria mbili

Malindi, Jumapili jioni

Kwenye friji yangu kuna pakiti ya foili iliyobanwa kwa kibanio cha nguo, na kila nikifungua mlango kutafuta maziwa napigwa na harufu ya embe. Maembe yenyewe yako nje, yamejaa karai zima chini ya mwembe, maana ndio msimu wake na hakuna wa kuyamaliza. Kilicho kwenye friji si embe. Ni hopsi, ua linalotiwa kwenye bia, la mmea ambao sijawahi kuuona ukiota, na tangu Alhamisi limenitoa kwenye shughuli zangu zote.

Lilivyofika hapa ni hivi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi Nairobi kwenye kiwanda kidogo cha bia, vile viwanda vyenye mapipa machache ambavyo kila baada ya wiki kadhaa vinatoka na jambo jipya. Alhamisi alfajiri alishuka kwenye basi la usiku na kisanduku cha barafu amekipakata kama mtoto mchanga. Ndani mna chupa sita. "Dada, safari hii utakunywa," akasema, hata shikamoo hajatoa.

Najua kuna wasomaji wangu wasiogusa pombe, na nusu ya majirani zangu ni hao hao. Sisi tulionjea uani, nyuma ya ua wa makuti, mlango wa mbele umefungwa. Mnivumilie kwa leo, au mrudi nitakapoandika habari za pweza.

Mimi mwenyewe si mnywaji wa bia. Miaka kumi na moja napika kwenye hoteli ndogo upande wa Casuarina, nimeona chupa za kila rangi zikipita mbele yangu, na kila nilipoonja niliishia funda moja. Uchungu ule ulinirudisha mbali: kikombe cha bati, majani ya mkilifi yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi, na mama amenibana pua kwa vidole viwili ili nimeze. (Huko bara mnauita mwarobaini.) Kwangu uchungu ulikuwa ni wa homa. Sikumwelewa mtu anayetoa pesa yake mfukoni ili aupate Jumamosi.

Nilichokijua ni tembo la mnazi. Baba aligema mpaka magoti yalipovikataa vidato vya mnazi, na kotama yake bado imechomekwa kwenye paa la jiko, hataki iguswe. La alfajiri lilikuwa tamu, hata sisi watoto tulipewa. La mchana linakwaruza koo. La kesho yake ni siki. Hakuna aliyelitia chochote: hamira ya porini inaanza kazi karara likiwa bado linadondosha, na ukichelewa nusu siku umebeba kitu kingine kabisa.

Basi tukaanza. Chupa ya kwanza laga, iliyotiwa hopsi za Saaz kutoka Ucheki. Mdogo wangu aliisifu sana, eti ni hopsi ya upole, ndiyo ile inayotumika kwenye bia za Plzeň, walikoanza kupika laga ya rangi ya dhahabu mwaka 1842. Nilisikia majani makavu na pilipili manga kwa mbali. Baba akasema, "Hii naijua," akarudisha bilauri.

Ya pili ilikuwa na rangi ya asali na ukungu ndani, ya aina wanayoiita IPA. Baba alipoikaribisha puani alisimama kidogo, akaninyoshea.

"Wamekamulia ngowe humu."

"Hamna embe hata tone, baba mkubwa," mdogo wangu akamwambia. "Ni ua tu. Hopsi zake zinaitwa Citra, zimetoka Marekani."

Baba akamtazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia wateja wanaodai wamelipa. Mimi nikanusa. Wallahi ilikuwa ngowe, tena si nyama yake, ni pale kwenye kikonyo unapolichuma na utomvu unakurukia mkononi. Nyuma yake balungi. Kisha nikanywa, na mkilifi ukanifikia kama kawaida, lakini safari hii umechelewa na umekuja na wenzake.

Hapo mdogo wangu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alituambia tubane pua, tunywe, tumeze, ndipo tuachie. Tumebana: uchungu, utamu kidogo wa kimea (nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia), gesi kwenye ulimi, basi. Embe limepotea. Tumeachia: embe hilo, limepanda kwa nyuma ya koo mpaka puani. Baba alirudia mara tatu. Mimi nilikuwa nafikiria mama na vidole vyake viwili. Alikuwa akiniondolea harufu peke yake, uchungu wote akaniachia ulimini, na mimi nimekuwa nikiisema bia kwa kosa la kikombe kile.

Pakiti ya foili ndiyo iliyofuata. Hopsi zenyewe zimesagwa na kushindiliwa zikawa punje za kijani, kama chakula cha kuku. Ua likiwa zima, alisema, linafanana na koni ndogo ya magamba laini, na linalotumika ni la mmea wa kike. Ndani ya magamba kuna unga wa manjano unaonata, unaoitwa lupulini, na humo ndimo mlimo na utomvu mchungu na mafuta ya harufu. Nikasugua punje mbili viganjani, mikono ikanata kama nimemenya fenesi. Kisha kwa ujinga wangu nikaitafuna moja. Msijaribu. Nilikula kashata, nikala embe, nikapiga mswaki, na magharibi ilikuwa bado inanifuata.

"Ukoo wake ni mmoja na bhangi," mdogo wangu akaongeza, na Baba akatupia jicho mlangoni. Hailewesi hivyo, tukaambiwa. Ni ukoo tu, na kila ukoo una mtu wake.

Nilimuuliza kwa nini tusiipande hapa, maana Malindi hata kijiti cha mwavuli kinachipua. Shida si udongo. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi ili upande, kisha siku zianze kufupika ndipo utoe maua, na baada ya hapo upate baridi ulale. Ndiyo maana mashamba makubwa yako Hallertau kule Ujerumani na bonde la Yakima huko Marekani, na kwa Afrika yako George, kusini kabisa ya Afrika Kusini. Sisi tulio nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, jua linachomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Ungesimama hapo uani ukisubiri ishara isiyokuja.

Lililonikaa zaidi lilikuja Ijumaa, na lilitokea jikoni kwangu, si kwenye bilauri. Mdogo wangu alikuwa amesema hopsi zile zile zinatoa uchungu au zinatoa harufu, inategemea zimeingia chunguni saa ngapi. Nilimwambia nionyeshe. Tukabandika sufuria mbili za maji, kila moja kijiko cha sukari na kiasi kile kile cha punje. Ya kwanza ilichemka saa nzima. Ya pili tuliipua kwanza, ikatulia moto upungue, ndipo tukatia punje na kufunika dakika kumi.

Sufuria ya kwanza ilijaza nyumba nzima. Jirani alichungulia juu ya ua kuuliza tunapika dawa gani. Mimi nilidhani hiyo ndiyo itakayokuwa tamu, kwa jinsi ilivyonukia, lakini tulipoonja ilikuwa mkilifi mtupu: chungu safi, umenyooka, na embe hakuna. Ya pili ilikuwa na uchungu mdogo, wa kuambiwa, na harufu yote imo. Nilisimama na mwiko mkononi. Harufu iliyokuwa ikinifurahisha jikoni ndiyo iliyokuwa ikitoka chunguni! Jirani ameila yeye.

Na mimi ni mpishi. Iliki ya chai naitia mwisho, naifunika. Dania siitupi kwenye mchuzi unaochemka. Sikuwahi kuliona hilo kwenye bia kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa ni kitu kilichopikwa.

Kinachotokea ni hiki, kadiri nilivyomwelewa. Ule utomvu una asidi wanazoziita alfa, na hizo kwenye maji haziyeyuki vizuri. Zikichemshwa muda mrefu, saa moja au zaidi, zinabadilika umbo, zinayeyuka, na ndizo uchungu wa bia. Mafuta ya harufu hayangoji. Moto ukipanda yanaondoka na mvuke. Kwa hiyo mpishi wa bia anatia hopsi za uchungu mapema, anatia nyingine mwisho, na anayetaka embe la kumrukia mtu usoni anatia fungu lake baada ya kupoa kabisa, bia ikiwa imeshachacha, anaziacha humo siku kadhaa. Kwenye mafuta hayo kuna mirsini, ambayo imo pia kwenye maembe na mchaichai; kuna linaloli, ya rehani na mbegu za dania; kuna karofilini, ya karafuu na pilipili manga. Kumbe Baba hakukosea sana. Ngowe hakuna, ila alichokisikia kimo.

Uchungu wenyewe wanaupima. Kipimo chao kinaitwa IBU, na kimoja ni karibu miligramu moja ya zile asidi zilizobadilika katika lita ya bia. Laga nyepesi nyingi ziko kati ya 10 na 20, IPA mara nyingi kati ya 40 na 70. Lakini namba haikwambii yote. Tulionja moja iliyoandikwa 45 ikawa laini kuliko nyingine ya 30, kwa sababu ile ya 45 ilikuwa na kimea kingi. Hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu aliyekulia pwani. Kahawa chungu ya dele hainywewi peke yake, huja na kashata au halua, na anayetia sukari kikombeni anaharibu vyote viwili. Mchunga nao, ile mboga chungu: tunamwaga maji ya kwanza, tunautia tui, lakini uchungu wote ukitoka huo si mchunga tena, ni majani.

Chupa ya nne sikuipenda. Hopsi zimezidi mpaka ulimi umekuwa mkavu, umekaza, kama umeng'ata bibo. Mdogo wangu aliuita uchungu, nikamsahihisha: huo ni ukakasi, na anayepika kitu kwa watu wa Kilifi, walioumwa ulimi na mabibo tangu utotoni, asivichanganye. Akaandika kwenye simu yake.

Ya tano niliiharibu mimi. Ilikuwa kwenye chupa nyeupe, inang'aa vizuri, nikaiweka dirishani niipige picha ya kutia hapa. Nikaitwa hotelini, nikasahau, jua la kaskazi likaishughulikia mpaka adhuhuri. Tulipoifungua Baba alirudi nyuma na kiti chake. "Kicheche!" Na kweli, ilinuka kicheche aliyekanyagwa. Mwanga ukizipiga zile asidi za uchungu zinavunjika, zinaungana na salfa, na pua ya mtu inalinasa hilo hata likiwa dogo kiasi gani. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii kitu. Picha sina, bia sina. Mdogo wangu alisema hakuna neno, kwa sauti ya mtu aliyeipakata kutoka Nairobi.

Jana jioni Baba ndiye aliyeibua hoja. Alikuwa amesikia kwamba zamani hopsi hazikupendwa kwa harufu, zilipendwa kwa sababu bia ilikaa bila kuoza. Kwamba Waingereza walipokuwa wakipeleka bia India kwa meli za tanga, miezi mingi baharini, walizidisha hopsi ili ifike inanyweka. Hiyo ni bahari yetu, akasema, kama vile meli zilipitia uani kwake. Kisha akauliza swali ambalo mgema tu ndiye angeliuliza: "Na ukizitia kwenye tembo?"

Mdogo wangu alikuna kichwa. Alisema hopsi zinawazuia bakteria fulani wanaoharibu bia, ila wale wanaotengeneza siki ni wa jamii nyingine, hao haziwatishi. Baba hakushawishika. Rafiki yake alikuwa ameleta lita mbili za mchana, nzuri, bado zina povu. Akachota punje kwa vidole vitatu, akatumbukiza kwenye kibuyu, akaziba kwa kumbi, akaenda kulala na uso wa mtu mwenye siri.

Leo asubuhi vipande vya kijani viliziba mrija, tukalazimika kuchuja kwa kitambaa. Lilinukia ajabu. Baba akatabasamu, akapiga funda moja, akafumba jicho.

"Siki," akasema. "Siki iliyojitia marashi."

Tembo limefuata njia yake, hopsi au hakuna hopsi. Alitaka kulimwaga nikamzuia. Mchana nilikuwa na changu wa kukaanga, nikakata vitunguu na nyanya, pilipili mbuzi moja, nikamiminia hiyo siki. Mdogo wangu alikula sahani mbili kabla ya kwenda kupanda basi, akaniuliza kwenye kachumbari nimetia embe gani.

Nikamwambia hamna embe hata tone.