Siku moja maishani mwangu: kuwasoma mabingwa wa picha chini ya jua la Lamu

Mwanafunzi wa picha akiambiwa akatafute wapiga picha mashuhuri wa kujifunza kwao, jambo la kwanza ni kujaza simu kazi za watu. Wiki ikiisha ana picha mia mbili na hajui hata moja ilipigwaje. Mimi nafuata njia nyingine: picha moja ya bingwa mmoja, swali moja, kisha swali hilo linapelekwa nje likajibiwe na jua la hapa. Ratiba inapangwa na mwanga. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, mbele yake mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda, nyuma yake vilima vya mchanga. Ukilishika hilo kichwani, unajua picha gani ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni kabla hujatoka nyumbani.

Saa 11:00 alfajiri

Baada ya sala, vifaa. Kamera hulala ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na punje za silika, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo vya lenzi, na ukishaota kuutoa ni kazi ya fundi. Punje zikibadilika rangi, zimeshiba maji. Zikaushwe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi. Mchele hausaidii, unaacha vumbi lake tu. Kama umelala chumba chenye eyakondishen, usifungue mfuko mara tu unapotoka nje: mvuke hushika kioo baridi papo hapo. Acha nusu saa kwanza.

Natoka na lenzi moja, milimita 50. Ukibadilisha lenzi, umbali na mwanga kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Saa 12:20 asubuhi

Asubuhi ni ya Fan Ho. Alizaliwa Shanghai mwaka 1931, akahamia Hong Kong, na picha zake za miaka ya 1950 na 1960 ni za vichochoro, ngazi na masoko: mtu mmoja mdogo, kivuli kikubwa, moshi uliokatwa na mwale wa jua. Kwa anayeishi mji wa vichochoro, sijaona mwalimu aliye karibu zaidi.

Asomwe kwa makini, lakini. Picha yake maarufu kuliko zote, Approaching Shadow ya 1954, inaonyesha mwanamke amesimama kando ya ukuta mweupe, na kivuli kikali cha mshazari kinamjia. Kivuli kile hakikutoka kwa jua. Fan Ho alikiongeza mwenyewe kwenye chumba cha giza, pale picha za filamu zinaposafishwa. Asiyejua hilo atazunguka Mkomani, mtaa wa zamani wa Lamu, mwezi mzima akitafuta ukuta unaotoa kivuli kama kile, na hataupata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa picha yoyote ya bingwa ni hili: kipi kilifanywa na jua, na kipi kilifanywa na mkono baadaye?

Lililobaki linapimika. Kamera yake ilikuwa Rolleiflex, ambayo hutazamwa kwa juu ikiwa usawa wa kiuno au kifua, na negativu yake ni mraba wa sentimita 6 kwa 6. Basi skrini ya kamera inakunjuliwa, kamera inashushwa mpaka kiunoni, na fremu inawekwa mraba. Ukishuka hivyo, mtu aliye mbali hurefuka dhidi ya ukuta na ardhi ya mbele hupungua.

Vichochoro vya Lamu kwa mpiga picha ni vya aina mbili. Vile vinavyoshuka baharini hupokea jua la asubuhi kwa urefu wake wote. Usita wa Mui na vingine vinavyokwenda sambamba na bahari hubaki kivulini mpaka jua likaribie utosini. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, kwa hiyo mwanga hukaa kwenye ukuta wa kusini. Desemba ni kinyume chake. Kichochoro kilichokupa picha nzuri Juni kinaweza kukunyima kabisa baada ya miezi sita.

Na muda ni mfupi. Karibu na ikweta jua halitambai pembeni, linapanda karibu wima, takribani nyuzi 15 kwa saa. Likifika nyuzi 45, kivuli chako ni sawa na kimo chako, na hapo ni kama saa tatu na robo tu. Kivuli kikianza kuwa kifupi kuliko mwenye nacho, vivuli virefu vya aina ya Fan Ho vimekwisha kwa asubuhi hiyo.

Vipimo: ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), na kwa jua lililokwisha kupata nguvu shata ya 1/1600 ya sekunde. Hiyo ni kanuni ya zamani ya f/16 kwenye jua kali, yaani shata ifuate namba ya ISO, 1/400, imefunguliwa stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake) na kasi ya shata ikaongezwa kufidia. Jua likiwa bado chini, ongeza mwanga stopu moja au moja na nusu. Kivuli cha kichochoro kinaweza kuwa stopu nne au tano chini ya hapo. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe hutafuta wastani, chokaa ya ukutani ikaungua na kivuli kikageuka kijivu kisicho na nguvu. Pima palipo na jua, funga vipimo kwa mkono, uache giza liwe giza. Fokasi nayo isiachiwe mashine: kwa lenzi ya 50 kwenye kamera ya sensa kubwa, f/8, ukifokasi mita 5, kila kitu kati ya mita 3.4 na 9.5 hivi kitakuwa wazi. Chagua jiwe au kizingiti kilicho umbali huo, kisha subiri mtu akifikie. Punda waliobeba mchanga hawapishi mtu; bana upande wa kivuli.

Hapa mpiga picha Ansel Adams anaingia, ingawa alikuwa mtu wa milima ya Marekani. Mfumo wa kanda alioubuni pamoja na Fred Archer karibu mwaka 1940 unagawa mwanga kuanzia kanda 0, nyeusi tupu, hadi kanda ya 10, nyeupe tupu, na kipima mwanga hukiweka kila unachokipima kanda ya 5, kijivu cha kati. Kwa hiyo kanzu ukiipima peke yake hutoka kijivu, na buibui pia hutoka kijivu. Kanzu iongezewe stopu mbili, buibui lipunguziwe stopu mbili. Vyote viwili vikisimama kwenye mwanga mmoja vinaingia bila shida. Kanzu ikiwa juani na buibui kivulini, lazima uamue kipi unakitaka.

Mtu aliye kivuli kisichotambulika ni jambo moja. Mtu mwenye uso aombwe. “Assalamu aleikum, ami, naomba ruhusa nikupige picha, ni ya masomo.” Akikataa, kamera inashuka na salamu zinaendelea. Mlango wa msikiti, madrasa na akina mama barazani si mahali pa kuvizia, hata mwanga uwe mzuri kiasi gani.

Saa 3:30 asubuhi

Chai, mahamri na mbaazi. Kamera inafutwa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, kikakamuliwa vizuri, kwa sababu chumvi iliyokauka ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu inakwaruza.

Saa 4:00 asubuhi

Jua limeshapanda, sasa ni wakati wa kusoma. Ghala ninalolipendekeza kwa kila mwanafunzi ni la Maktaba ya Bunge la Marekani, penye negativu takribani 170,000 za mradi wa serikali wa miaka ya 1930 na 1940 ambao wapiga picha Dorothea Lange na Gordon Parks waliufanyia kazi. Nyingi zimewekwa bure kwa ukubwa kamili, na si zile zilizopata sifa peke yake: zilizopigwa kabla na baada yake zipo. Hilo ndilo lenye faida. Picha ya Lange ya mama mhamiaji, Nipomo, California, 1936, ukiiona peke yake utadhani ilikuja kwa bahati. Iweke kando ya nyingine alizopiga kwenye hema lile, umwone amezunguka na kusogea, kutoka hema zima hadi mama, kichanga, na watoto wawili waliogeuza nyuso. Utaona pia kwamba kidole gumba kilichokuwa chini kulia kilikuja kufifishwa baadaye.

Ninapoifungua picha moja naandika daftarini. Mwanga: angalia kivuli cha pua na nukta ing'aayo kwenye mboni, nukta ya pembe nne mara nyingi ni dirisha, ya juu na pana ni anga. Kimo cha kamera: pwani ni rahisi kukijua, kwani upeo wa bahari humkata mtu aliye mbele yako usawa uleule wa lenzi; ukimpita machoni, kamera ilikuwa usawa wa macho. Umbali: pua na masikio yakionekana kwa uwiano wa kawaida, mpiga picha alikuwa mita moja na nusu au zaidi. Mwisho, kingo nne: nini kimekatwa, na kwa nini pale.

Ubaya wa kusomea kwenye mitandao ya picha ni kwamba nakala zimekatwa, zimeongezwa weusi, na mara nyingine zimepewa jina la mtu mwingine. Usipime weusi wala kingo kwa nakala ya namna hiyo. Tafuta ya makumbusho au ya taasisi inayotunza kazi za mpiga picha mwenyewe.

Saa 6:30 mchana

Seydou Keïta. Alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948 na kuiendesha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitumia mwanga wa mchana uani, kitambaa chenye maua au nakshi nyuma ya mtu, na kamera ya negativu ya sentimita 13 kwa 18, aliyoisafisha kwa ukubwa uleule bila kuikuza. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Alibadilisha kitambaa kila baada ya miaka kadhaa, na leo vitambaa hivyo ndivyo vinavyosaidia kukadiria tarehe za picha zake.

Nyumba ya Lamu yenye kiwanda, yaani ua wa ndani, inafaa kazi hii kuliko studio nyingi za kulipia. Leso moja ni kama mita 1.5 kwa 1.1, haitoshi. Shona mbili kwa ubavu mrefu, moja juu ya nyingine, upate kimo cha mita 2.2. Jina la leso ya juu litaangukia karibu na kichwa cha aliyeketi, na msomaji atasoma maandishi badala ya uso. Shusha au pandisha leso mpaka mabega yafiche jina. Kiti kiwe nusu mita tu kutoka kwenye kitambaa, ndani ya kivuli karibu na mpaka wa jua, uso ukielekea anga wazi. Mwili ugeuke mshazari, uso urudi kwenye kamera. Kamera iwe usawa wa kifua, f/5.6, ISO 400, 1/200 au karibu na hapo.

Wengi huharibu kwa simu: wanawasha ile hali ya kufifisha nyuma, nakshi zinayeyuka, na Keïta mwenyewe anapotea, maana kwake nguo na pazia vinazungumza pamoja. Izime. Kosa la pili hutoka chini. Jua la mchana likipiga sakafu ya chokaa, mwanga hurudi juu na kung'arisha kidevu na tundu za pua. Tandika kitambaa cheusi mbele ya kiti. Kisiwe chekundu, kitapaka rangi shingoni.

Saa 8:30 mchana

Hakuna haja ya kwenda Mali wala Hong Kong kabla ya kumjua Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, mwenye Bakor Studio hapahapa Lamu. Alijulikana kwa picha za kuunganisha, mtu akitokezea mahali ambapo mwili wake haukuwapo. Kabla ya kompyuta kazi ya aina hii kwa kawaida ilikuwa makasi, gundi, na kuupiga picha upya mchanganyiko huo. Nikijaribu, natumia karatasi kweli. Kingo inachongwa kwa upande wa nyuma kwa msasa laini mpaka iwe nyembamba, la sivyo taa inatupa kivuli kinachoonyesha kiungo. Taa mbili, kila upande kwa nyuzi 45, zinaua mng'ao. Na mwanga wa vipande vyote utoke upande mmoja. Hilo likikosewa, hakuna makasi yatakayokuokoa.

Namtaja kwa msisitizo kwa sababu orodha za mabingwa zinazozunguka madarasani hazina pwani ndani yake, na studio za zamani za Lamu, Mombasa na Zanzibar zilikuwa zikijibu maswali yaleyale tunayoyauliza leo.

Saa 11:00 jioni

Mapema miaka ya 1930 mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliona picha ya Martin Munkácsi, Mhungaria, ya wavulana watatu wanaokimbilia mawimbi, maarufu kwa jina la Ziwa Tanganyika. Kwa maelezo yake mwenyewe, ndiyo iliyomwasha. Miili ni myeusi, na kati ya mikono na miguu mwanga unapita.

Kila jioni vijana huruka baharini kutoka jeti, kwa hiyo jaribio linaonekana rahisi. Ukisimama nchi kavu halifanyi kazi: jua liko nyuma yako, magharibi, na linawaangaza. Panda mashua, uingie mkondoni, utazame mji. Sasa jua liko nyuma yao. Pima anga kando ya jua, si jua lenyewe, kisha 1/1000, kwa sababu mashua nayo inayumba. Subiri nafasi itokee kati ya mwili na mwili. Wakigusana, weusi unakuwa donge moja, na hiyo haitengenezeki baadaye.

Saa 1:30 usiku

Picha ghafi, yaani faili za kamera ambazo hazijachakatwa, za megapikseli 24 ni kama megabaiti 25 hadi 30 kila moja, mia mbili ni gigabaiti tano na zaidi, kwa hiyo bando halibebi zote. Nakala moja kompyutani, moja kwenye diski ya nje, na zilizochaguliwa tu, zikiwa zimepunguzwa, zinapanda intaneti. Kadi haifutwi kabla nakala mbili hazijafunguliwa na kukaguliwa.

Kisha yangu na ya bingwa kando kwa kando kwenye skrini, na daftari. Siandiki “nzuri” wala “mbaya”. Naandika tofauti na chanzo chake: kamera juu sana, ukuta karibu mno, nusu saa imechelewa. Tofauti ambayo sina chanzo chake ndiyo swali la kesho, na saa ya kuamka inategemea ni ya mwanga gani.