Kamera mbili zikisema "kawaida", katikati bado hapajaonekana

Kijana wa miaka 30 tumbo linamsokota kila baada ya kula, uzito unashuka, damu imepungua. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, kisha za minyoo, kisha vidonge vya madini ya chuma. Damu inapanda, vidonge vikiisha inashuka tena. Hapo pa kushtukia. Damu inavuja mahali, na mahali hapo patafutwe. Huenda ni saratani ya utumbo mwembamba.

Utumbo mwembamba una urefu wa mita 5 hadi 6 hivi, lakini saratani zake hazifiki 5 katika kila 100 za njia ya chakula. Ndiyo maana kwa kijana huwaziwa mwisho. Tena kamera ya mdomoni huishia kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na ya njia ya haja kubwa huchungulia sentimita chache tu za mwisho wa utumbo huo. Mita zote za katikati hakuna aliyeziona.

Kipimo kinachofaa ni CT ya utumbo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta: mgonjwa anakunywa karibu lita moja na nusu ya maji maalumu kwa muda wa saa moja, ili utumbo utanuke. Ukiwa umesinyaa, uvimbe mdogo hujificha kwenye mikunjo. Kuna pia kapsuli yenye kamera, inayopiga picha kwa saa 8 hivi. Lakini tafadhali, tumbo likijaa, ukitapika na upepo hautoki, usiimeze kabla ya CT. Itakwama penye mbano, na huenda ikatolewa kwa upasuaji.

Choo cheusi kinachanganya, maana vidonge vya chuma navyo hukifanya cheusi. Cha damu hunata kama lami na harufu yake ni kali. Mweleze daktari unameza nini.

Kinyama cha uvimbe kikitolewa na saratani ikathibitika, ombeni kipimwe protini nne zinazorekebisha makosa ya vinasaba: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ikikosekana mojawapo, dawa inayosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani, kama pembrolizumab, huweza kufaa ugonjwa ukiwa umesambaa. Pia huenda ni ugonjwa wa kurithi wa Lynch, unaoongeza hatari ya saratani, hasa ya utumbo mpana; kipimo cha damu cha vinasaba kitathibitisha. Ikiwa ndivyo, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, na ndugu wa damu nao wapimwe. Wenye kasoro hiyo ya vinasaba huchunguzwa utumbo mpana kila mwaka mmoja au miwili, wengi wakianzia miaka 20 hadi 25, hata kama hawaumwi chochote.